Orodha ya Barabara ya Kaskazini

Baba yangu aliitwa Sebahire, mkulima wa maharage, na mama yangu aliitwa Nyirabagenzi. Nilizaliwa Kalengera, katika nyumba ambayo leo haina hata msingi. Ninawataja kwa majina kwa sababu wote wawili wamekufa na hakuna anayeweza kuwafuata tena. Wazazi wa mtu aliye hai sitawataja katika maneno haya, wala kijiji chake. Niliwahi kufanya hivyo mara moja, kwa sauti yangu, nikimtambulisha mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na sauti hiyo bado inasikika mahali ambapo mkono wangu haufiki. Mwalimu hajarudi nyumbani. Nayasema haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu mnaobaki katika kazi ya kupokea wageni mtandaoni.

Sikuingia shule hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Aline, na nimemkataza kunipamba.

Kazi hii niliianza kabla haijawa na jina. Zamani, Goma ilipokuwa bado haina simu za mkononi, watu walizungumza kwa fonie, yaani redio iliyokaa juu ya meza, ikila umeme wa betri ya gari, na waya wake ukipanda hadi kwenye mkaratusi. Mwenye fonie yetu alikuwa Papa Kambale, Munande wa Butembo, mtu mfupi aliyenyoosha shati lake kila asubuhi ingawa hakuna aliyemwona redioni. Siku yangu ya kwanza alinipa kipaza sauti, akaniambia nipeleke salamu kwa kituo cha Walikale. Nilisema salamu yote, na za ziada. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kwa upole nilikuwa nikizungumza na nani, maana kitufe sikuwa nimekibonyeza.

Hakunifukuza. Aligundua kwamba kichwa changu kinashika watu. Kituo kipya kilipofunguliwa, tuseme kwenye machimbo au kwenye misheni, wenyeji wake walikaa mbele ya redio wakisikia kelele tu, bila kujua nani ni nani. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia: anayekohoa kabla ya kusema ni mfanyabiashara wa chumvi wa Sake, ana ukweli, yule mwenye sauti ya juu ni katekista, usimwanzishe maana hamalizi, mkitafuta dawa, iteni baada ya chakula cha mchana, ndipo muuguzi anapokaa. Baada ya siku mbili mgeni alikuwa na watu.

Papa Kambale alikuwa na sheria moja ambayo hakuipindisha. Mtu akija kumtafuta mwingine, tulimuuliza kwanza yule anayetafutwa kama anataka kupatikana. Siku moja mwanamke alilia mbele ya meza yetu akimtafuta mumewe. Tulimpata mume saa hiyo hiyo, naye akasema hapana. Papa Kambale akamwambia mama yule kwamba hatukufanikiwa. Nilimchukia siku nzima. Jioni fundi wa viatu wa jirani akatuambia kwamba wanaume wawili walikuwa wakimngoja mama yule nje, na hawakuwa ndugu zake.

Kisha volkano ya kwanza ikashuka mjini. Moto ulipita katikati ya Goma kama tingatinga lisilo na dereva, ukachukua nyumba ya fonie, meza, redio na mkaratusi. Papa Kambale alirudi Butembo na akafia huko. Mimi nilibaki na vituo vyote kichwani na hakuna redio ya kuviita. Simu zilipokuja, kila mtu akawa na namba zake mfukoni, na mimi nikauza makala, yaani mkaa. Miaka hiyo sina la kuwafundisha.

Aliyenirudisha kazini ni Patient, kijana wa mitambo aliyekuwa na wenzake katika chumba cha nyuma huko mtaa wa Himbi. Walikuwa na mashine moja, feni mbili na paneli za jua juu ya paa. Alinielezea hivi, na mpaka leo sijasikia maelezo bora. Mitandao mikubwa ni kama hoteli ya tajiri mmoja: ndani utapewa kila kitu, na siku akitaka atakutoa. Mtandao wao ni kijiji cha nyumba nyingi. Goma ina nyumba yake, Butembo yake, Bukavu yake, na Wakongomani wa Ubelgiji wana yao. Kila nyumba ina mashine yake na mlinzi wake, hakuna mkubwa juu yao, lakini aliyefungua akaunti Goma anaweza kumfuata aliye Butembo na kusoma anayoandika au kusikia anayosema.

Nilimuuliza, ikiwa kijiji chao ni kizuri hivyo, mimi ananitakia nini.

Akajibu, akiniita koko, yaani bibi: "Koko, batu wanaingia, hawaone mutu, wanatoka. Hapa hakuna mashine ya kukuchagulia rafiki. Ukifungua, ni peupe tu. Nilisikia wewe ulikuwa mtu wa fonie."

Nilielewa mara moja. Mgeni anashushwa njia panda na mzigo wake, hakuna wa kumpokea. Anakaa kidogo, anarudi alikotoka. Juma lililofuata nilikuwa na kiti changu Himbi, karibu na dirisha.

Kwa kuwa sisomi, nilijifunza akaunti kwa picha na kwa sauti. Fundi wa saa alikuwa mwenye kofia ya kijani; muuza jibini wa Masisi alikuwa ng'ombe mwenye pembe moja; kwaya ya mtaa wangu wa Katoyi ilikuwa kinanda. Mtu akibadilisha picha, kwangu alikuwa amekufa mpaka anisemeshe. Patient alinisomea maandishi, mimi nikamwambia nani ameyaandika hata kabla hajafika kwenye jina, kwa sababu kila mtu ana namna yake ya kulalamika.

Mgeni alipoketi sikumpa simu kwanza. Nilimuuliza baba yake ni nani, mama yake ni nani, alizaliwa wapi, anasali wapi, mikono yake inafanya nini. Hivi ndivyo watu wetu wanavyopokeana, na hivyo ndivyo nilivyojua nimpeleke wapi. Kisha nilimpa watu watano wa kufuata, si zaidi. Mmoja wa kwao, mmoja wa kazi yake, mmoja wa kanisa lake, mmoja anayechekesha, na mmoja ambaye hatampenda. Vijana walinishangaa juu ya huyo wa tano. Mgeni asiyekuwa na wa kubishana naye harudi kesho. Nilimwamuru pia awasalimu wote watano kabla ya kusema lolote lake, na aliyekataa sikumhudumia tena.

Zilikuwepo kesi ngumu. Mama mmoja wa viazi aliona ukurasa mtupu akaniuliza kwa sauti ya chini amekosa nini mpaka afungiwe. Mchungaji mmoja alitaka afuatwe na watu wote na yeye asimfuate yeyote. Nilimwambia anunue spika akae sokoni. Mzee mmoja alikuwa akimtafuta mwanawe Innocent, na kabla sijamzuia alikuwa ameshafuata kila Innocent wa mtandao mzima. Alikaa nao miezi. Mwanawe hakuwa kati yao, lakini wawili wakawa wanamtumia salamu kila Jumapili, akatulia. Hiyo niliihesabu kuwa kazi iliyofanikiwa, na zilikuwa chache.

Mwalimu alikuja wakati huo. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu, kutoka kijiji kimoja cha barabara ya kaskazini. Nilimuuliza maswali yangu akayajibu yote, baba, mama, shamba, hata mti uliokuwa mlangoni. Baadaye akafungua akaunti kwa jina la uongo na picha ya jembe. Aliandika tu, hakusema kamwe. Aliandika barabara iko wazi mpaka wapi, shule ipi imefungwa, nani amebebeshwa mizigo na wenye silaha, wa upande wowote. Katika mtandao mzima hakuna aliyejua jembe lile ni nani, isipokuwa mimi na Patient. Wenye malori walimsoma kabla ya kuwasha injini.

Volkano ya pili ikaja. Mji ukatikisika siku nyingi, watu wakaambiwa watoke, wakatawanyika kuelekea Sake, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka. Wageni wa mtandao walifurika, kila mmoja akitafuta watu wa kwao, na mimi nilikuwa na mdomo mmoja. Ndipo nilipotunga orodha. Patient alikuwa amenionyesha kwamba akaunti nyingi zinaweza kuwekwa pamoja, na mgeni akibonyeza mara moja anazifuata zote. Nikafanya orodha ya watu wa Masisi, ya watu wa Sake, na ya tatu ikawa ya watu wa barabara ya kaskazini.

Orodha peke yake haikutosha. Watu wetu hawafuati jembe. Walikuwa wakinipigia kuuliza: huyu wa jembe ni mtu wa nani, tumwamini vipi? Nikaona niambatanishe sauti yangu, nikiwatambulisha mmoja mmoja kama inavyopasa. Wa kwanza ni mtoto wa fulani, wa pili ameolewa kwa fulani. Wa tatu alikuwa Mwalimu. Nilisema ni mtoto wa nani na nani, na shamba lao liko nyuma ya nini.

Patient alisita kabla ya kuituma. Aliniuliza kwa sauti ndogo: "Koko, huyu Mwalimu tulimuuliza?"

Nikamjibu: "Tangu lini mutu anaombwa ruhusa ya kutambulishwa kwa watu wa kwao? Tuma."

Andika hivyo hivyo, Aline. Sheria ya Papa Kambale niliijua kuliko jina langu, na nilimwona yule mama aliyelia. Lakini redioni mtafutaji alikuwa mmoja, anakaa mbele yangu, ninamwona uso. Hapa walikuwa mamia nisiowaona, nami nikawadhania wote kuwa wakimbizi, kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa mkimbizi. Patient akatuma.

Orodha ilifanya kazi vizuri. Ninalisema hili bila furaha. Mama alimpata dada yake siku ile ile, mtoto akampata babu. Nyumba za Butembo, Bukavu na Ubelgiji zikachukua nakala, kama mtandao huu unavyofanya, na watu wakaniletea ndizi. Mwalimu hakulalamika. Nadhani hakutaka kuniaibisha. Watoto wake, alinitumia ujumbe, waliipenda sauti yangu wakawa wanaiiga nilivyosema "wa kwanza, wa pili".

Kisha uasi ukashuka tena kutoka vilimani, na kijiji kwa kijiji barabara ya kaskazini ikapata watawala wapya. Mwalimu aliendelea kuandika. Siku moja, kwa mara ya kwanza, alinitumia sauti. Nilikuwa nikisubiri wageni wa asubuhi.

"Koko, ni miye wa jembe," alisema. "Leo ku bariere ya barabara kijana mumoja wa bunduki alinisalimia na jina ya papa yangu. Simujui. Alicheka tu, akaniambia pita. Nikakumbuka ile sauti yako. Kama munaweza, muitoe."

Patient aliifuta katika nyumba yetu kabla chai yangu haijapoa. Ombi la kufuta likaenda kwa nyumba nyingine, kwa sababu hapa hakuna wa kuamuru, kuna kuomba tu. Nilidai tusiishie hapo, nikawapigia walinzi mmoja mmoja. Binti wa Butembo aliangalia kwa macho yake akaniambia haipo tena. Bukavu hawakuwa na umeme. Walifuta siku iliyofuata. Ilibaki nyumba ya Ubelgiji.

Nyumba ile ilikuwa imetufungia mlango. Miezi kadhaa kabla, mmoja wa watu wetu alikuwa amewatukana watu wao kwa ajili ya timu ya mpira, mlinzi wao akakasirika akakata mawasiliano na Goma yote. Tulicheka wakati ule. Sasa Patient alinieleza, akitazama chini, kwamba mlango ukifungwa, ombi letu la kufuta haliingii, lakini nakala ya zamani inabaki ndani, na yeyote aliye duniani anaweza kuifungua na kuisikiliza. Tulimwandikia mlinzi yule. Tulitafuta namba yake kwa shangazi yake aliye Katoyi. Namba ilikuwa imekufa. Shangazi alisema kijana aliacha mambo hayo, mashine inajiendesha yenyewe mahali fulani, na kodi yake inakatwa benki bila yeye kujua.

Nilimwambia Mwalimu aondoke. Nilimwambia kwa ukali, kama ninavyosema na watu wangu. Alijibu kwa maandishi, Patient akanisomea: mama yake hatembei tena, na hakuna wa kumbeba. Angeacha kuandika, alisema, na angekaa kimya kama watu wengine. Nikamwambia kimya chake hakitayafuta maneno yangu.

Mke wake alifika mlangoni pangu Katoyi na watoto watatu na sufuria moja. Nilijua analeta msiba kwa jinsi alivyokaa kabla ya kusalimu. Aliniambia yote bila kulia. Wanaume walikuja mchana, wakaketi uani kama wageni, mmoja akatoa simu na kuicheza sauti yangu ili wahakikishe shamba. Watoto walikuwa ndani. Waliposikia wakatoka mbio, wakidhani Koko wa Goma amekuja kuwatembelea, wakamwita baba yao aje kunisalimu. Mwalimu akatoka kwenye zizi akipangusa mikono.

Hakupigwa mbele yao. Aliombwa tu aandamane nao. Tangu hapo hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona, hakuna kaburi. Mama yake Mwalimu alibaki na majirani, na baada ya juma moja tukasikia amefariki.

Nilifungua mdomo nimwombe radhi. Mke wa Mwalimu akaniwekea mkono mkononi.

"Mama, nitalala hapa, sababu sina fasi ingine," alisema. "Lakini usiongee mbele ya batoto. Wakisikia sauti yako wanajificha."

Walikaa kwangu miezi miwili. Katika nyumba yangu mwenyewe nilionyesha kwa kidole: chumvi, maji, mlango. Nikitaka kusali nilitoka nje. Mdogo wao alidhani mimi ni bubu, akawa ananionea huruma, ananiletea kiti. Kisha vita vikaingia Goma yenyewe, na mama yao akavuka mpaka nao. Hakuaga, na sikutarajia aage.

Siku ile ile wenye bunduki walipofika Himbi, Patient alitoa visanduku vya kumbukumbu ndani ya mashine akavivunja kwa nyundo juu ya jiwe la lava, kimoja baada ya kingine, akaondoka. Ndivyo nilivyostaafu. Hakuna aliyeniambia asante, na angekuwepo ningemfukuza.

Wapo wanaonifariji kwamba wangempata hata bila mimi, kwamba kijijini hakuna siri. Huenda. Wao hawakuyatamka majina ya wazazi wake na shamba lake mbele ya dunia nzima. Mimi ndiye niliyeyatamka, nikajisikia mwema. Ninyi mnaoendelea, mtakutana na mgeni anayelia na orodha iliyo tayari, na mtaona ni ukatili kumwambia angoje. Mwambieni angoje. Muulizeni kwanza yule atakayefuatwa, kila mmoja, hata kama ni mamia, hata mji ukiwaka. Mkishindwa kuwauliza wote, orodha isiwepo. Na yale maswali yangu ya baba na mama, ulizeni mkitaka kumjua mgeni, lakini majibu yaishie masikioni. Sina jambo jingine la kufundisha. Yaliyo mema katika kazi yangu kila mtu mwenye subira atayagundua mwenyewe, na wala sijui kama yanatosha kuifanya kazi hii istahili kufanywa. Siku nyingi ninaona haistahili.

Sasa wewe, Aline. Uliniomba siku ya kwanza unirekodi kwa simu, ili usichoke mkono. Sasa unajua kwa nini unachoka. Sauti zangu zilizomo katika simu yako, za sikukuu, za kukugombeza, zifute leo mbele yangu. Picha yangu nikiwa Himbi itunze ukipenda, picha haisemi. Tunza anwani ya ile nyumba ya Ubelgiji, na kila Jumatatu iandikie, kwa heshima, sentensi zile zile: tafadhali futeni. Nikifa, endelea. Siku ikijibu au ikizimika, uje uniambie kaburini, na useme polepole.

Karatasi hizi ziweke katika mfuko wa plastiki, zisilowe. Usizipeleke mtandaoni, wasome wanaokuja kuzisoma. Na siku mmoja wa wale watoto watatu atakapokuwa mtu mzima na kuja kuuliza ni nani aliyesema, usimwambie koko yako alikuwa mwema. Mpe karatasi, mpe kiti, kisha toka nje umwache asome.